Jicho la Polisi, Kutoka Kailo Hadi 1903

Kwenye barabara ya udongo ya Kindu na Kailo, mkoani Maniema, Kongo, kama kwingine kokote kwenye kizuizi, kuna imani isiyoulizwa: polisi wa rulaje, yaani wa barabarani, aliyebobea hahitaji mashine. Pikipiki ikipita tu, keshaijua kasi yake. Waendeshaji nao wana usemi wao: jicho la askari mmoja halimtii mtu hatiani. Ni nani mwenye karatasi ya kuonyesha?

Nilianza na sheria ya barabara ya Kongo, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Njia ikanifia mapema. Sheria za Kongo zina nasaba ya Kibelgiji, na usemi ule ulinukia ukoo mwingine. Ukoo upi?

Ndugu wa karibu wa usemi huo yuko Kenya. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki kinakataza kumtia mtu hatiani kwa mwendo kasi kwa maoni ya shahidi mmoja pekee. Kutoka hapo nyayo zinarudi Uingereza, kwenye sheria ya magari ya 1903: kikomo maili 20 kwa saa, na sharti lilelile. Ndiyo maana askari wa enzi hizo walijibanza vichakani na saa mkononi, mmoja huku, mwenzake kule, kipande cha barabara kikiwa kimeshapimwa. Kama jicho lilitosha, saa ilikuwa ya nini?

Hata hivyo siwapi waendeshaji ushindi wa bure. Sheria inakataa shahidi mmoja. Haisemi kwamba jicho ni pofu. Mwaka 2010, mahakama ya juu kabisa ya Ohio, Marekani, ilikubali makadirio ya askari mmoja, kwa kuwa alikuwa amefunzwa na kupimwa: asikosee zaidi ya maili 3 au 4 kwa saa. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likabadili sheria, mlango ukafungwa. Je, ujuzi wa aina hiyo ungesimama kwenye vumbi la Maniema?

Nina shaka, na shaka yangu ni ya hesabu. Katika mita 50, pikipiki ya kilomita 50 kwa saa hutumia sekunde 3.6, ya kilomita 60, sekunde 3. Tofauti nzima imejificha ndani ya nusu sekunde na ushei. Isitoshe, lori huonekana kwenda polepole kuliko pikipiki hata kasi zikilingana, na chombo kinachokujia usoni hakisogei kando, kinakua tu machoni. Sasa huyo aliyebobea, ni lini mara ya mwisho makadirio yake yalilinganishwa na saa?