Makumbusho ya Jamii nchini Uganda: Vitu na Majina Yake

Katika toleo hili tumeona vyema tuzungumzie nyumba ambayo wanafunzi wetu huipita mara nyingi bila kuingia. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Kampala ya Zamani, yakahamia Makerere katika miaka ya 1940, na mwaka 1954 yakapata jengo lake katika kilima cha Kitante.

Baganda wa siku za mwanzo waliiita Enyumba y'Amayembe, yaani nyumba ya pembe. Hizo hazikuwa pembe za mnyama tu, bali pembe za tiba na mizimu zilizokusanywa wakati wa ukoloni. Jina hilo lilieleza walichokiona wenyeji: mahali palipofungiwa vitu vyenye nguvu, mbali na waliojua kuvitumia.

Vingine vilikwenda mbali zaidi. Mmisionari John Roscoe alivipeleka Cambridge vitu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, navyo vikarudishwa mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu vingine 39, kwa mkopo wa miaka mitatu ya kwanza. Mtu kukopeshwa kitu cha babu yake! Hata hivyo tunashukuru vimefika.

Swali letu ni nani atakayevieleza. Hapo ndipo tunapoyathamini makumbusho madogo yanayoendeshwa na wanajamii wenyewe, ambayo yana chama chao, UCOMA. Hata jamii ya Ik, watu wachache wa milima ya Karamoja, wana nyumba yao ya kumbukumbu. Mara nyingi makumbusho ya namna hii ni chumba kimoja au viwili, na mlinzi wake ni mzee anayejitolea. Bati likivuja, hana fungu la kulitengeneza. Lakini ukimwuliza kibuyu kile kilitumikaje, atakuonyesha kwa mikono yake.

Chukua nguo ya magome ya mti wa mutuba, ambayo utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Fundi hupiga gome kwa nyundo za mbao zenye mifuo ya ukubwa mbalimbali, akianza na pana na kumalizia na nyembamba. Kila nyundo ina kazi yake na jina lake. Ikiwekwa kabatini na karatasi iliyoandikwa "nyundo", kitu kimehifadhiwa na elimu imepotea. Sisi walimu wa Kiswahili tusijitoe katika lawama hiyo, maana neno letu moja linaweza kufunika majina matatu ya wenyewe.

Kwa hiyo, msaada tunaoupendekeza hauanzi na jengo. Mlinzi apewe posho, paa lizibwe, na kila kitu kiandikwe kwanza kwa lugha ya wenyeji, ndipo kifuate Kiswahili na Kiingereza. Wanafunzi wetu wanaorudi makwao likizoni wanaweza kuanza kazi hii kwa daftari na kinasa sauti: jina la kitu, aliyekitengeneza, kilivyotumika, na kwa nini kiliachwa. Nakala ya kwanza ibaki kwa mzee. Ya pili ndiyo ije idarani.