Injini Iliyokunywa Maji: Ufundi wa Dizeli katika Barabara za Masika

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa huingia katika silinda, pistoni huibana mpaka ipate moto mkali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli ndani ya hewa hiyo na mafuta yakawaka yenyewe. Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini ya namna hiyo mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Huko kukosa plagi kulikuja kuwa na maana kubwa katika barabara za Afrika Mashariki. Gari la petroli likiingia mtoni lilizimika mara tu maji yalipofika kwenye distribyuta au nyaya za plagi. La dizeli liliendelea kunguruma maji yakiwa usawa wa taa, alimradi mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa mkavu. Mdomo ukizama, mambo yaligeuka, na dizeli iliumia kuliko petroli.

Sababu ni kwamba hewa hubanika, maji hayabaniki. Injini ya dizeli ya Land Rover ya lita 2.25, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, hubana hewa mara 23. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki katika silinda ni kama sentimita za ujazo 26, chini ya kikombe kimoja cha kahawa ya kibarazani. Kikombe hicho cha maji kikiingia badala ya hewa, pistoni inayopanda kwa kasi hukuta kitu kisichokubali kusongeka, na lazima chuma fulani kishindwe. Mara nyingi hupinda konrodi. Pengine gasketi ya hedi hupasuka, au konrodi hukatika na kutoboa ubavu wa injini. Hapo mafundi husema injini imekunywa maji.

Malori ya dizeli hayakuja mapema. Ilibidi kwanza ipatikane pampu ndogo ya kusukuma mafuta kwa kipimo sahihi, na kampuni ya Robert Bosch ilianza kuizalisha kwa wingi mwaka 1927. Baada ya Vita Kuu ya Pili malori ya dizeli ya Uingereza, yakiwemo ya Leyland na Albion, yalizidi kuonekana katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Land Rover, iliyoanza na petroli mwaka 1948, ilipata injini yake ya kwanza ya dizeli mwaka 1957. Wasafirishaji waliipenda dizeli kwa ulaji mdogo wa mafuta na kwa nguvu yake ya kuvuta mzigo gari likienda polepole.

Pamoja na magari hayo walikua mafundi. Katika gereji za wakoloni na za wafanyabiashara wa Kihindi, kijana Mwafrika alianza kama spana boi: kupokeza spana, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kulala chini ya gari kufungua nati ambazo wakubwa hawakutaka kuzigusa. Kitabu hakikuwepo, au kilikuwepo kwa Kiingereza na kimefungiwa ofisini, hivyo kazi ilijifunzwa kwa jicho, sikio na kiganja. Wengi wa vijana hao baadaye walifungua sehemu zao chini ya miembe na pembezoni mwa barabara, zile zinazoitwa gereji bubu kwa kuwa hazina kibao wala leseni. Jina hilo halizitendei haki, kwani sehemu kubwa ya elimu ya dizeli katika nchi hizi ilipitia hapo.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru na njia ya Zambia ya kusini ikawa matatani. Mafuta ya Zambia yakaanza kupita Dar es Salaam, yakipakiwa katika mapipa juu ya malori, safari ya zaidi ya kilomita 1,600 katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Iliitwa njia ya jehanamu. Masika yalipoanza, malori yalizama katika tope, yalipinduka milimani na yalikwama mitoni. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipunguza mzigo huo kuanzia mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikamilika katikati ya miaka ya 1970. Kusini mwa Tanzania mateso yaliendelea muda mrefu zaidi: mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari ya Lindi na Mtwara yalivuka Rufiji kwa kivuko, na mvua ilifunga barabara kwa majuma mengi.

Njia za namna hiyo ziliwafundisha madereva na matingo adabu ya kuvuka. Lori lilisimamishwa ukingoni, na utingo akaingia majini kwa miguu, fimbo mkononi, kupima kina na kutafuta mashimo. Maji yakipita kiuno chake, walisubiri. Kabla ya kuingia, mkanda wa feni ulilegezwa au kutolewa ili feni isirushe maji juu ya injini, na turubai likafungwa mbele ya rejeta. Gari lilipita kwa gia nzito, bila kubadilisha gia katikati ya mto.

Bahati mbaya ilipotokea na injini ikazimika majini, amri ya kwanza ilikuwa kutogusa stata. Injini iliyozimika taratibu huweza kuwa na maji juu ya pistoni bila kitu chochote kuvunjika. Ni kule kujaribu kuiwasha tena kunakopinda konrodi. Lori lilivutwa hadi nchi kavu, kisha nozeli zote zikafunguliwa. Injini ilizungushwa polepole kwa mkono, spana ikiwa kwenye nati ya puli ya mbele, na maji yakatoka kupitia matundu ya nozeli. Aliyekuwa na haraka akatumia stata, akakaa kando, maana maji yaliruka kama mshale.

Baada ya hapo ilifuata oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo nati ya sampu ikilegezwa kidogo, yanayotangulia kutoka ni maji. Injini ikiwa imezunguka maji yakiwa ndani, vyote viwili huchanganyika vikawa rangi ya chai ya maziwa, na mchanganyiko huo haufai kulainisha beringi. Fundi aliumwaga wote, akasuuza ndani kwa oili iliyopunguzwa kwa dizeli, akamwaga tena, akaweka oili mpya. Alirudia mara mbili au tatu, mpaka kijiti cha kupimia kikatoka na rangi ya oili tupu. Ilikuwa gharama kubwa kwa mwenye lori, na waliobana matumizi kwenye oili walilipa baadaye kwenye krankshafti.

Kiungo kilichohitaji haraka kuliko vyote kilikuwa pampu ya dizeli. Vipini vyake huchezea ndani ya matundu yenye nafasi ya sehemu chache za elfu za milimita, na havina mlainisho mwingine ila dizeli yenyewe. Tone la maji likikaa humo, kutu inayolifuata hukamata kipini. Kwa hiyo tangi lilimwagwa kutoka chini, chujio la mafuta likabadilishwa, na pampu ikasukumiwa dizeli safi mpaka itoke bila tone la maji. Stata na altaneta, ikiwa vilizama, vilifunguliwa, vikasuuzwa kwa maji baridi na kuanikwa. Kwa gari lililozama katika maji ya bahari kazi hiyo haikungoja kesho, kwa sababu chumvi hula shaba na chuma hata baada ya maji kukauka.

Injini ambayo haikuweza kushughulikiwa siku hiyo ilijazwa dizeli au oili ndani ya silinda, kisha ikaachwa. Mafuta hukaa kati ya chuma na hewa, na kutu haipati pa kuanzia. Ziwa Tanganyika lina ushahidi mkubwa kuliko wote wa kanuni hiyo, ingawa injini zake zilikuwa za mvuke. Mnamo Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mafundi walioiunda walikuwa wamezipaka injini zake grisi nzito kabla haijazama. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Injini za dizeli ziliwekwa humo katika miaka ya 1970.

Miaka hiyohiyo ilileta shida nyingine. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya spea kuwa adimu nchini Tanzania, na hali haikulegea mpaka biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984. Konrodi iliyopinda, ambayo kitabu kinataka itupwe, ilinyooshwa. Fundi aliigundua bila mashine kubwa: akifungua hedi na kupandisha pistoni moja moja hadi mwisho, ile isiyofika usawa wa wenzake ndiyo yenye konrodi iliyofupishwa kwa kupinda. Kuinyoosha hakukuwa salama. Chuma kilichopindwa na kurudishwa hubaki na udhaifu ndani, na injini kadhaa zilivunjika njiani miezi baadaye. Hata hivyo, lori lisilotembea halikuleta mahindi, na mafundi wa wakati huo hawapaswi kulaumiwa na watu waliokuwa na duka la spea mtaani.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizokata barabara kuu Kenya na Tanzania, zilikuta magari mengi bado ni ya aina hii ya zamani, yenye pampu inayofanya kazi bila kompyuta. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, imebaki kipenzi cha njia mbovu kwa sababu hiyohiyo, hasa ikiwekewa bomba la kupumulia lililopanda hadi usawa wa paa. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 dizeli mpya zimekuja na kompyuta, vihisio na nozeli za umeme. Gari kama hilo likizama, silinda huweza kukaushwa kwa njia ileile ya zamani, ila soketi zilizoingia maji na kompyuta iliyoungua hazitengenezwi kwa spana wala kwa jua.

Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 na yale ya Kenya ya mwaka 2024 yaliileta mijini kazi ambayo zamani ilikuwa ya mitoni. Gari huletwa gereji likivutwa kwa kamba, mazulia yakichuruzika. Kabla ya kufungua boneti, fundi humuuliza mwenye gari kama baada ya kuzimika alijaribu kuliwasha.