Saratoga: Siku Arobaini Zinazolisha Mji

Tarehe 3 Agosti 1863, mwezi mmoja tu baada ya mapigano ya Gettysburg, mji mdogo wa Saratoga Springs katika jimbo la New York ulifungua mbio za farasi za siku nne. Wamarekani walikuwa wanauana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini watu walifurika. Aliyeziandaa ni John Morrissey, mzaliwa wa Ireland, bondia wa ngumi kavu aliyetajirika kwa nyumba za kamari na baadaye akawa mbunge. Mwaka uliofuata yeye na wenzake, akiwemo William R. Travers, walihamia uwanja mpya ng'ambo ya barabara. Siku ya ufunguzi yalianzishwa mashindano yaliyopewa jina la Travers, na farasi Kentucky akayashinda. Yanashindaniwa hadi leo.

Morrissey aliukuta mji ukiishi kwa wageni. Watu walikuwa wakija kwa treni kunywa maji ya chemchemi zenye madini na kulala katika hoteli kubwa. Yeye aliwaongezea sababu ya kukaa. Katika jumba la kamari alilolijenga mwaka 1870, wenyeji walikatazwa kucheza. Kwangu mimi, hakuna kanuni iliyoulinda mji ule kuliko hiyo: fedha iingie kutoka nje, isichotwe mfukoni mwa muuza duka wa jirani.

Kwa miongo mingi msimu ulikuwa siku 24 za Agosti. Sasa ni siku 40, kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, na katika misimu mizuri watazamaji hupita milioni moja, katika mji usiofikisha wakazi 30,000. Fedha yao haiishii kwenye madirisha ya kuwekea madau. Wenye nyumba huzipangisha kwa msimu mzima, wao wakaenda kukaa kwa ndugu au kando ya ziwa. Wanafunzi hupata vibarua vya likizo. Wakulima huuza nyasi kavu, wafua viatu vya farasi na madaktari wa mifugo hawapumziki, na kila Agosti wanafarasi wa mwaka mmoja hupigwa mnada. Ndipo aliponunuliwa farasi mashuhuri Man o' War mwaka 1918, kwa dola 5,000. Mwaka mmoja baadaye, papo hapo Saratoga, farasi huyo alishindwa kwa mara moja tu maishani mwake, na aliyemshinda akiitwa Upset.

Wapo pia ambao picha za kumbukumbu huwapita. Mwaka 1879 mpanda farasi Mweusi Isaac Murphy alishinda Travers juu ya Falsetto. Miaka michache baada ya karne kugeuka, Weusi kama yeye walikuwa wamesukumwa nje ya kazi waliyoifanya kwa ufundi wa hali ya juu. Leo walio mazizini kabla ya jua kuchomoza, wakiwaosha na kuwatembeza farasi, wengi wametoka Mexico na Amerika ya Kati. Historia ya uwanja huu ni yao pia, na ukumbusho wowote usiowataja una pengo.

Mji umewahi kuonja maisha bila mbio. Sheria za jimbo dhidi ya kamari zilifunga uwanja mwaka 1911 na 1912. Vita Kuu ya Pili ikazihamishia mbio Belmont, karibu na jiji la New York, kuanzia 1943 hadi 1945. Lakini mwaka 2020 ulikuwa na uchungu wa namna yake. Farasi walikimbia, majukwaa yakiwa matupu kwa sababu ya korona. Madau yaliendelea kuwekwa kutoka mbali, kwa simu na kompyuta, na uwanja ukapata chake. Mhudumu wa mgahawa hakupata, wala mwenye nyumba aliyezoea wapangaji. Hapo ilionekana wazi kwamba kinacholisha Saratoga ni miguu ya watu inayokanyaga barabara zake.

Mwaka 2024 mji ulipokea hata mashindano ya Belmont Stakes, kwa kuwa uwanja wa Belmont ulikuwa unajengwa upya. Wageni wakaanza kumiminika Juni, kabla ya msimu wenyewe. Ikifika Jumatatu ya kwanza ya Septemba, malori hupakia farasi, mazizi hufagiliwa, na wenye nyumba hurudi na funguo zao, wakafungua madirisha na kubadilisha mashuka.