Bia ya Shamba: Somo toka Hainaut



Katika mikutano yetu swali moja linarudia: je, sanduku la mutualité likopeshe bamama wenye kutengeneza kasiksi, ao hapana? Wengine wanasema pombe ni pombe tu, haijengi kijiji. Mbele ya kujibu, tuangalie namna Wabelgiji wenyewe walivyokuwa wanapika bia katika mashamba yao.

Kusini mwa Ubelgiji, katika jimbo la Hainaut, kuna bia inaitwa saison, maana yake "musimu". Zamani, mbele ya friji kujulikana, bia iliyopikwa wakati wa joto ilikuwa inaharibika mbio. Basi mukulima alipika yake wakati wa baridi, kazi ya shamba ikiwa imepungua, akaiweka mpaka mavuno. Hopsi iliipa uchungu na kuilinda. Kwa ile njia wafanyakazi hawakukaa bure miezi ya baridi, makapi ya shayiri yalilisha ngombe, na wavunaji walipata kinywaji.

Mufano wenye kujulikana ni shamba moja la Tourpes, lenye kuwako tangu karne ya 18. Mu 1920 Alfred Dupont alilinunua kwa ajili ya mutoto wake Louis, aliyetaka kuhamia Canada kulima. Louis akabaki. Sisi tuliokimbia na kurudia tunaelewa: mutu anabaki pale penye kazi. Brasserie Dupont inapika bia pale mpaka leo.

Miaka ileile, huku Congo ilikuja bia ya namna ingine. Brasserie de Léopoldville ilianzishwa mu 1923, na Primus ikatoka mu 1926. Hii ilikuwa bia ya kiwanda: mashine, chupa, kimea kutoka ng'ambo. Katika bia ile mukulima wa kijiji alikuwa munnunuzi kuliko kuwa mutengenezaji.

Mwezi uliopita mufadhili mumoja alituletea chupa ya Saison Dupont, tukaionja kwa komite, kila mutu kidogo. Povu ni nyingi, sukari hakuna, inachoma ulimi kidogo sawa pilipili, mwisho uchungu. Mama mumoja mwenye kukamua ndizi alisema hii haifai kunywewa haraka. Ni kweli: kwenye chupa imeandikwa 6,5%.

Kasiksi njo bia yetu ya shamba. Ndizi zinaivishwa ndani ya shimo, zinakamuliwa na majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama, yanachacha. Ndizi na mtama vinatoka kwetu, maganda yanaenda kwa mbuzi ao kwa mbolea, na franka inabaki kijijini.

Hatusemi kila mutungi ni baraka. Tunajua nyumba ambamo minerval ya watoto iliishia kwa pombe. Juu ya ile, kwa mukutano mukuu tunapendekeza hivi: mukopo uwe mudogo, utolewe wakati ndizi ni nyingi, na mwenye kukopa aonyeshe shamba lake ao jirani anayemuuzia ndizi. Lutuku isiingie mu mupango huu hata kidogo. Wanachama njo watapiga kura. Wafadhili tunawaomba wasifunge mulango mbele ya kusikia.