Kiu haianzii kooni

Leo tuongee historia ya kiu na hamu ya chumvi. Sisi walimu watarajiwa wa baiolojia tumezoea jibu la mkato: koo likikauka unasikia kiu, basi, twende mada nyingine. Kumbe mambo ni mazito, mpaka kuna mtoto alipoteza maisha.

Mwaka 1918 Walter Cannon wa Marekani alifundisha kwamba kiu ni ukavu wa mdomo na koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bengt Andersson wa Sweden akadunga maji ya chumvi, kidogo tu, kwenye ubongo wa mbuzi, sehemu ya hipothalamasi. Mbuzi wakabugia maji balaa! Mwaka 1970 Epstein, Fitzsimons na Rolls wakaonyesha kuwa panya akiwekewa homoni ya angiotensini ubongoni, naye anakunywa.

Sasa chumvi. Mwaka 1940 Wilkins na Richter waliandika habari za mtoto wa miaka mitatu na nusu, Marekani, aliyekuwa anakula chumvi kupita kiasi. Alipolazwa akapewa chakula cha kawaida cha wodini. Siku saba tu, akafariki. Alipopasuliwa ikaonekana tezi zilizo juu ya figo zake zilikuwa na hitilafu.

Iko hivi: damu ikipungukiwa maji na chumvi, figo huanzisha utengenezaji wa angiotensini. Hiyo huuambia ubongo "kunywa", na huziamuru zile tezi zitoe aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Tezi za yule mtoto hazikuweza kazi hiyo, chumvi ikawa inamtoka. Kilichobaki kumwokoa ni ubongo kumsukuma aitafute kwa mdomo.

Panya na mbuzi sio sisi, utasema. Sawa, lakini mwaka 2002 kundi la watafiti, akiwemo Derek Denton wa Australia, lilitoa majibu ya nyani. Angiotensini ubongoni pamoja na aldosteroni mwilini ziliwafanya watafute chumvi kuliko homoni moja ikiwa peke yake. Nyani ni ndugu zetu wa karibu jamani.

Kwa hiyo mwanafunzi akiomba ruhusa ya maji kila kipindi, au akila chumvi mikononi, tusikimbilie fimbo. Tumwambie mzazi ampeleke hospitali. Mwili wake unaweza kuwa unaomba msaada.