Gita ya Bosco na Swali la Mwenyeji



Swali moja linarudi kila mara katika kipindi hiki: mwenyeji wa Katanga ni nani? Nilisomea sheria, ningeweza kuwasomea vifungu. Leo tusikilize kwanza gita ya Jean-Bosco Mwenda.

(Hapa wimbo ulipigwa kwa muda mfupi.)

Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, ambayo sasa imo katika jimbo letu la Lualaba. Jina lake kamili la muziki ni Mwenda wa Bayeke. Bayeke walikuja na Msiri katikati ya karne ya 19, wakitoka Unyamwezi, katika nchi ya Tanzania ya leo. Walifuata shaba na pembe za tembo. Mtu anayetoka Kasai hakutembea mbali kama wao. Hata hivyo sijasikia mtu akisema Bosco si mtoto wa Katanga.

Aliishi Jadotville, ndiyo Likasi. Kompani ya Union Minière ilikuwa imekusanya huko wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na watu wa hapa, na kila mmoja alileta ngoma yake. Katika gramafoni mlisikika rumba ya Kuba na nyimbo za makauboi wa Marekani. Gita ya Katanga ilichukua kwa wote. Bosco alipiga kwa vidole viwili: kidole gumba kikishika sauti nzito, cha pili kikijibu juu, karibu kama mtu anayepiga likembe. Na aliimba sana kwa Kiswahili, lugha ya kambi, ambayo kwa wazee wengi wa migodi haikuwa lugha ya mama.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville wimbo "Masanga". Sahani zake zilifika mpaka Nairobi, ambako vijana walijifunza kumwiga. Ndugu yake wa ukoo, Edouard Masengo, alikuwa katika kundi la Jecoke la Lubumbashi, yaani Jeunes Comiques de la Kenya. (Kenya hiyo ni komini ya Lubumbashi, msichanganye na nchi.) Mwaka 1969 Bosco alipiga huko Newport, Marekani.

Alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Miaka miwili baadaye, Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993, watu wa Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja safari, na wengine walizika watoto hapo hapo. Wengi wao walizaliwa katika kambi zile zile zilizozaa gita hii.

Wakubwa wa kartie, katika baraza ya juma hili waulizeni wazee: aliyewafundisha gita alitoka wapi? Waacheni wamtaje kwa jina, na familia zilizorudi ziwepo zikisikia.