Mguu Kwapani

Mjomba wangu ana hadithi moja ambayo huisimulia kila matanga. Ni mwaka 1987, yeye ni kijana wa baiskeli pale Busia, enzi ambazo boda boda ilikuwa bado ni baiskeli ya kuvusha watu mpakani. Amebeba mama mmoja na gunia la omena. Mbwa anakatiza barabara. Mama anaangukia gunia lake, haumii hata kidogo. Mjomba anaangukia bega. Wanambeba hadi kwa mzee wa kuunga mifupa. Mzee anamlaza chini, anavua kiatu, anamtia kisigino kwapani na kuuvuta mkono kama mtu anayeng'oa muhogo. Kwa! Bega linarudi. Hapa mjomba huinuka kitini kutuonyesha jinsi ule mguu ulivyokaa, na hata wafiwa hucheka.

Sehemu inayofuata haisimulii. Wiki tatu baadaye bega lilitoka tena, akiwa anavua shati tu. Kisha likatoka akipiga chafya. Kisha likatoka usingizini. Akajifunza kulirudisha mwenyewe kwa kushika mwimo wa mlango na kujiachilia. Baiskeli akaiuza. Leo ana miaka sitini na kitu, na mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Mkewe ndiye humvalisha shati. Ukimuuliza ilikuwaje, ana jibu moja: "Yule mzee aliniharibu."

Nilimwamini miaka yote hiyo, mpaka mwaka jana nilipoangukia bega langu mwenyewe.

Nilikuwa kwenye nduthi, Barabara ya Outer Ring, mvua ya jioni. Lori likafunga breki mbele yetu. Mwenye nduthi alichubuka goti. Mimi nilifika hospitali na bega lililoshuka, limekaa mahali ambapo bega halikai. Walinichoma sindano ya usingizi, wakalirudisha, wakanipiga eksirei, na nikaambiwa niko sawa, nirudi nyumbani. Nilikuwa tayari nimeshaita teksi. Daktari mmoja, dada mdogo kuliko hata mdogo wangu, akaitazama ile picha mara ya pili na kusema hapendi jinsi ukingo wa chini unavyoonekana. Akaniagizia skani. Saa mbili baadaye akanigeuzia kompyuta nione. "Mwalimu, kikombe kimevunjika. Robo nzima ya mbele imehama milimita 8."

Hebu nieleze hicho kikombe, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kama ninacho. Kiungo cha nyonga kimekaa ndani ya bakuli refu. Bega halina bahati hiyo. Chukua embe, liegemeze kwenye kisahani cha chai, kisha kisimamishe hicho kisahani wima: hilo ndilo bega lako. Kinachozuia embe lisidondoke ni ukingo mwembamba wa gegedu, kano na misuli, basi. Ndiyo maana mkono unazunguka hadi unaweza kujikuna mgongo, na ndiyo maana hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachoteguka mara nyingi kama bega. Kisahani chenyewe ni sehemu ya kombe la mkono, ule mfupa bapa wa mgongoni. Mfupa huo umejificha katikati ya misuli, kwa hiyo huvunjika mara chache: kama 1 kwa kila mivunjiko 100, au chini ya hapo. Mivunjiko ya kisahani ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

Mimi hufundisha historia kidato cha tatu. Mkono wangu wa kulia ndio unaoandika ubaoni. Nililazwa siku nne nikisubiri bima iamue itatoa nini na kikundi cha WhatsApp cha mchango kikamilishe kilichobaki, na katika siku hizo nne nilifanya kitu pekee ninachojua kufanya. Nilishika simu kwa mkono wa kushoto na kutafuta nani alikuwa hapa kabla yangu.

Wa kwanza niliyempata ni fundi wa mjengo. Kule Deir el-Medina, Misri, kuna kaburi la mchongaji aitwaye Ipuy, aliyefanya kazi zama za Ramesses wa Pili, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Ukutani kumechorwa watu wakiwa kazini, na ajali zao pia. Mmoja amekaa, mwenzake ameushika mkono wake na anaukunja kwa namna ambayo madaktari wa leo wakiiona wanasema: huyo anarudisha bega. Kazi za hatari, bega nje, rafiki anakuja kuvuta. Hakuna kilichobadilika isipokuwa lori.

Wa pili alinikalisha kitandani. Katika maandishi ya Hippocrates kuhusu viungo, karne ya tano kabla ya Kristo, kuna njia kadhaa za kurudisha bega. Mojawapo: mgonjwa alale chini, mganga aketi upande wake, atie kisigino kwapani, avute mkono.

Niliisoma mara tatu. Yule mzee wa Busia hakuwa ametoa kichwani mwake tu. Alikuwa anafanya kile ambacho baba wa tiba ya Wagiriki aliwafundisha wanafunzi wake, na ambacho madaktari walikifanya kwa zaidi ya miaka 2,000. Na bega lilirudi! Hilo hata mjomba halikatai.

Hippocrates pia alijua kuna mabega yanayotoka tena na tena. Dawa yake ilikuwa chuma chenye moto. Alichoma kwapani, ili kovu likijikunja lizibe nafasi ambayo kichwa cha mfupa hupenda kutorokea. Ukatili, ndiyo, lakini angalia mawazo yake: alifikiri tatizo ni nafasi, kwamba kuna shimo mahali fulani. Ni kama mtu anayeziba ufa kwa nje bila kujua kwamba ukuta wenyewe umebomoka ndani. Kufungua na kuangalia hakukuwezekana. Ganzi ya kuaminika ilikuja 1846, kule Boston, walipotumia etha. Dawa ya kuua wadudu kwenye kidonda ilikuja 1867, na Joseph Lister. Kabla ya hapo, kufungua kiungo cha mtu ilikuwa karibu sawa na kumuua kwa usaha.

Halafu, mwaka 1895, Röntgen akapiga picha mifupa ya mtu aliye hai. Ungedhani mambo yangeisha hapo. Kwa mifupa mingi yaliisha. Kwa kisahani cha bega, bado. Eksirei hulaza kila kitu bapa kwenye karatasi moja: mpira uko mbele ya kisahani, mbavu ziko nyuma, na ufa mdogo unapotea katikati kama mtu mfupi kwenye foleni ya matatu saa kumi na mbili jioni. Ndivyo ufa wangu ulivyotaka kupotea.

Kwa hiyo waliouona ukingo uliovunjika waliuona kwa kisu. Mjerumani Georg Perthes aliandika 1906 kwamba katika mabega yanayotoka tena na tena, ukingo wa mbele umechanika kutoka kwenye mfupa, na ndio unaopaswa kurudishwa. Hakusikika sana nje ya kwao. Mwaka 1923, daktari wa London aitwaye Blundell Bankart akaeleza jambo hilohilo kutokana na wagonjwa wanne, na 1938 akarudi na wagonjwa 27. Hoja yake ilikuwa na ubishi ndani yake. Wenzake walikuwa wakikaza misuli na kupunguza ngozi ya kiungo, kila mtu na fundo lake. Yeye akasema hapana: mpira unatoka kwa sababu ukingo umeng'oka, basi rudisheni ukingo. Nikaweka simu chini. Mjomba alianguka miaka 64 baada ya makala ile ya kwanza ya Bankart.

Lakini ukingo wa gegedu hushonwa. Mfupa uliomeguka je? Huku ndiko historia inakuwa ya mafundi, na mimi huipenda zaidi. Antwerp, Ubelgiji, kulikuwa na daktari wa upasuaji aitwaye Albin Lambotte ambaye nje ya hospitali alitengeneza fidla, fidla za kweli za kupigwa. Vifaa vyake vingi vya upasuaji alivibuni mwenyewe. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu kuunganisha mifupa kwa vyuma, na neno aliloliita kazi hiyo, osteosinthesi, madaktari wanalo mpaka leo. Ukifikiri, mtu anayejua kwamba ubao wa fidla ukihama unywele mmoja sauti inaharibika ndiye hasa wa kuelewa kiungo. Mwaka 1958 kundi la madaktari wa Uswisi, AO, liliunda chama cha kusimamia mawazo ya namna hiyo: kiungo kilichovunjika kirudishwe sawasawa kilivyokuwa, kifungwe imara, na mgonjwa aanze kukisogeza mapema badala ya kuozea kwenye plasta.

Mfaransa Michel Latarjet, 1954, alikuwa na jibu la ujanja zaidi kwa kisahani kilicholika mbele: akakata kipande cha mfupa mdogo wa jirani, uliopinda kama mdomo wa kunguru, akakifunga kwa skrubu pale ukingo ulipokosekana. Mfaransa mwingine, Robert Judet, alieleza 1964 jinsi ya kulifikia kombe la mkono kwa mgongoni, kwa kuinua misuli bila kukata neva inayoilisha. Hapo ndipo visahani vilivyopasuka katikati au nyuma vikapata mlango.

Mlango ulikuwepo, taa haikuwepo. Taa ilianzia Afrika, na hili sikuwahi kufundishwa wala kulifundisha. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilimwomba mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, awasaidie na mambo ya mionzi siku chache za wiki. Akiwa pale akaanza kujiuliza: ukipitisha mionzi mwilini kutoka pembe nyingi, je, hesabu inaweza kukupa picha ya kilichomo ndani, kipande kwa kipande? Alichapisha majibu 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeshughulika. Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield aliunda mashine yenyewe bila kutegemea kazi ya Cormack, na Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo. Mwaka 1979 wawili hao wakagawana Nobeli. Leo skani inaweza hata kuufuta ule mpira kwenye picha ukabaki unakitazama kisahani kitupu, kama kimetoka kabatini.

Baada ya kuona, watu wakaanza kuhesabu. Msweden Rolf Ideberg alipanga mivunjiko ya kisahani kwa aina mwaka 1984: wa ukingo, wa chini, wa juu, wa kupasua katikati, na mchanganyiko. Mmarekani Thomas Goss aliupanua mpango huo 1992, akaongeza kile kilichosagika kabisa. Ndipo yalipotokea mazungumzo ya milimita. Wengi hufikiria kisu pale ngazi ndani ya kiungo inapofika milimita 4 au 5, au kipande kikiwa kama robo ya mbele au theluthi ya nyuma, au mpira ukikataa kukaa katikati. Si sheria ya Musa. Jirani yangu wa kitanda cha pili alianguka kutoka ghorofa la mjengo, kisahani chake kina ufa mrefu kuliko wangu, lakini vipande havikuhama na mpira ulikaa. Alifungiwa kitambaa shingoni, akaambiwa arudi wiki ya pili kuanza mazoezi, akaenda zake akinionea huruma.

Mimi nilikuwa na milimita 8, robo, na mpira unaoteleza mbele kila nikigeuka. Bado niliogopa. Daktari aliniambia wazi: wanapita mbele ya bega, karibu na neva inayoinua mkono, kuna maambukizi, kuna bega kukakamaa. Nikamuuliza nisipofanyiwa? Akasema litatoka tena, na kila likitoka litasaga ukingo zaidi, mpaka mpira uparamie mfupa mtupu. Wakati huo nilikuwa simsikii yeye tena. Nilikuwa namwona mtu ameshika mwimo wa mlango.

Waliniwekea skrubu mbili. Wiki za kwanza sikuweza kufunga kamba za viatu, na mazoezi yalinitoa machozi mbele ya mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akifanya yake bila kulia. Mwezi wa tano niliandika tarehe ubaoni, juu kabisa kwenye kona, mahali pasipohitaji tarehe.

Disemba nilienda nyumbani. Nikamwonyesha mjomba picha kwenye simu: kabla, na baada. Nikamweleza kuhusu Mgiriki na kisigino chake. Nikamweleza kwamba, kwa ninavyodhani mimi ambaye si daktari, mzee alilirudisha bega vizuri, ila pengine ndani kipande cha kisahani kilikuwa kimemeguka, na kwamba hata hospitali kubwa karibu zinirudishe nyumbani na changu.

Alikuza picha kwa kidole cha mkono wa kushoto, akaisogeza huku na huku. Skrubu zilimfurahisha. Akauliza kama zinashika kutu.

"Kwa hiyo ule mguu ulikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa, Mjomba."

Akanirudishia simu. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka mkewe akatoka jikoni kuona kama tumelala.

"Mzee alikufa mwaka 1999," akasema. "Pale tu, nyuma ya soko. Sikwenda matanga yake."